Dondoo muhimu: Mbwa wa Buna, Kenya, na sheria

Mbwa akimuuma mtu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, hata kama maji yenyewe ni ya kununua kwa jerikeni. Usipake majivu wala mafuta. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukachanjwe, na umalize dozi zote: dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, tiba hakuna.

Msikimbilie kumuua mbwa huyo. Mfungeni, aangaliwe siku 10, na afisa wa mifugo apewe habari. Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa ni suala la sheria, Sura ya 365 ya Sheria za Kenya.

Mbwa wa kulinda mbuzi hukutana porini na bweha, ambao huweza kuwa na kichaa, kwa hiyo huyo ndiye wa kuchanjwa kwanza. Anza akiwa na miezi 3, rudia kila mwaka, tunza cheti.

Chipu ya utambulisho? Ni ya lazima ukimpeleka mnyama Ulaya, na iwekwe kabla ya chanjo, la sivyo chanjo haihesabiwi. Kwa mbwa wa boma, mkanda shingoni unatosha kumtambulisha.