Sataranji: Namna ya Kuipima Hatua ya Ufunguzi

Mchezo wa sataranji huchezwa juu ya ubao wenye miraba 64. Kila mraba hutajwa kwa herufi na tarakimu: herufi a hadi h kutoka kushoto kwenda kulia, na tarakimu 1 hadi 8 kutoka upande wa mwenye kete nyeupe kwenda kwa mpinzani wake. Mwenye kete nyeupe, ambaye hapa ataitwa Mweupe, ndiye aanzaye. Mwenzake ataitwa Mweusi.

Katika hatua ya kwanza Mweupe ana njia 20 za kuchagua, kwani askari wake wanane wana njia mbili kila mmoja, na farasi wake wawili vivyo hivyo. Mweusi naye anazo 20. Basi baada ya hatua moja kwa kila upande, ubao waweza kuwa katika hali 400 mbalimbali. Ni ipi iliyo bora, na ubora huo hujulikanaje?

Wachezaji wengi wa ridhaa hulijibu swali hili kwa kutazama matokeo: hatua iliyofuatwa na ushindi huitwa njema. Na uchukuliwe mfano ambao walimu wengi wa sataranji wamepata kuuona. Mweupe anasogeza askari kutoka e2 hadi e4, na Mweusi kutoka e7 hadi e5. Kisha Mweupe anamtoa malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, kutoka d1 hadi h5. Mweusi anamlinda askari wake wa e5 kwa kuleta farasi c6. Mweupe anamleta askofu, kete iendayo mshazari, hadi c4. Mweusi, akiudhiwa na malkia yule, anamshambulia kwa kumleta farasi wa pili f6. Malkia anamla askari wa f7, na mfalme mweusi amefungwa: anashambuliwa wala hana pa kukimbilia.

Mshindi huyo huondoka akiamini kuwa malkia h5 ni hatua kali. Lakini kilichothibitishwa ni jambo moja tu, yaani kwamba hatua ya tatu ya Mweusi ilikuwa mbaya. Hatua haipimwi kwa jibu lililotokea; hupimwa kwa jibu lililo bora kuliko yote ambayo mpinzani angeweza kutoa. Katika hali hii jibu hilo ni kusogeza askari kutoka g7 hadi g6 katika hatua ya tatu. (Lau angefanya hivyo katika hatua ya pili, malkia angemla askari wa e5, akamshambulia mfalme na ngome ya h8 kwa pamoja. Mpangilio wa hatua nao ni sehemu ya hesabu.) Malkia hurudi f3 akitishia tena mraba wa f7, na sasa farasi huja f6 kwa salama na kuiziba njia hiyo. Vitisho vimekwisha. Malkia ametumia hatua mbili kuufikia mraba ambao angeufikia kwa moja, na tena amekalia mahali palipomfaa farasi wake.

Mwaka 1913 mwanahisabati Ernst Zermelo alichapisha makala ambayo ndiyo chimbuko la kanuni hii: kila hali ya ubao ina thamani moja kati ya tatu, yaani ushindi wa Mweupe, ushindi wa Mweusi, au sare, endapo wote wawili watacheza pasipo kosa. Kanuni ni safi, ila utekelezaji wake haumkiniki. Mwaka 1950 Mmarekani Claude Shannon alikadiria kuwa idadi ya michezo inayoweza kuchezwa ni 1 ikifuatwa na sifuri 120. Kwa hiyo alipendekeza kipimo cha kukisia: malkia apewe alama 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, askari 1, na kila njia halali ya kusogeza kete ipewe 0.1.

Sehemu hiyo ya mwisho mwanafunzi yeyote aweza kuijaribu kwa kidole na kalamu. Baada ya malkia kufika h5, kana kwamba ni zamu ya Mweupe tena, njia zake ni 39. Lau badala yake angemleta farasi f3, zingekuwa 27. Je, malkia ameshinda? Zikiondolewa njia za malkia mwenyewe, pande zote mbili hubaki 26. Ziada yote ilikuwa ya kete moja, tena kete ambayo hulazimika kukimbia kila inaposhambuliwa na kete yenye thamani ndogo.

Hesabu hiyo irudiwe pale vitisho vilipokwisha, baada ya hatua nne kwa kila upande. Mweupe ana njia 41 na Mweusi 30. Kwa kipimo cha Shannon tofauti hiyo huzidi thamani ya askari mzima, jambo ambalo ni vigumu mchezaji hodari kulikubali. Bila ya malkia, Mweupe anazo 27 na Mweusi 29. Aliyeanza mchezo amepitwa. Kwa kulinganisha, Mweupe akileta farasi f3 na kisha askofu c4, naye Mweusi akijibu kwa farasi c6 na askofu c5, baada ya hatua tatu tu Mweupe ana njia 32 bila ya malkia, ikiwemo ile hatua ya pekee ambayo mfalme na ngome husogea pamoja.

Hata hivyo malkia h5 si hatua ya kupoteza mchezo; imeitupa tu faida ya kuanza. Mwaka 2005 Hikaru Nakamura wa Marekani, mchezaji wa daraja la juu kabisa, aliicheza dhidi ya Krishnan Sasikiran wa India. Alishindwa, lakini baada ya mchezo mrefu, na kushindwa huko hakuihukumu hatua ile kama vile ushindi wa mwanafunzi wetu usivyoitakasa. Matokeo yaweza kufundisha yakiwa mengi mno na wapinzani wakiwa hodari. Programu ya AlphaZero ya mwaka 2017 ilijifunza ufunguzi kwa njia hiyo, ila ilicheza na nafsi yake mamilioni ya michezo.

Wala kuhesabu njia hakumwoni adui. Bila ya kuhesabu za malkia, farasi wa f6 katika hatua ya tatu alimwongezea Mweusi njia, naye akafungwa papo hapo. Kitisho hutazamwa kwanza, hesabu hufuata.

Kwa zoezi la darasani, Mweupe aanze kwa askari kutoka f2 hadi f3. Wanafunzi wahesabu njia zake kana kwamba ni zamu yake tena; watapata 19, pungufu ya zile za mwanzo, nao waeleze ni kete ipi iliyozuiwa. Kisha Mweusi asogeze askari hadi e5, Mweupe asogeze askari kutoka g2 hadi g4, na darasa litafute hatua moja ya Mweusi inayoumaliza mchezo.