Safari ya Kuvuka Greenland

Kaskazini mwa dunia kiko kisiwa kikubwa kupita visiwa vyote, nacho huitwa Greenland. Sehemu nne katika tano za nchi hiyo zimefunikwa na barafu nene isiyokwisha hata wakati wa hari. Wenyeji wake, Wainuiti, hukaa pwani, kwani huko bara hakuna mti wala mnyama wa kumlisha mtu.

Zamani watu kadhaa walijaribu kuivuka barafu hiyo. Walianza magharibi, penye vijiji, na kila walipoona taabu wakarudi. Basi Fridtjof Nansen, kijana wa Norwei, akafikiri neno jingine. Aliazimu kuanza mashariki, mahali pasipo na maduka wala marikebu za kungojea. Atokaye huko hana faida ya kurudi nyuma. Akitaka kuishi hana budi kufika magharibi.

Mwaka 1888 walisafiri watu sita. Wawili wao, Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna, walikuwa Wasami, yaani watu wa kaskazini waliozoea theluji tangu utoto. Mwezi wa Julai walishuka katika marikebu, wakaingia katika mashua mbili ili wafike pwani. Lakini vipande vya barafu viliwazunguka, na mkondo wa bahari ukawachukua kusini zaidi ya maili 200. Walipopata nchi kavu iliwapasa kuvuta makasia siku nyingi kurudi kaskazini.

Katikati ya Agosti wakaanza kupanda. Waliburuta vyombo vyao juu ya sleji, yaani magari yasiyo magurudumu, wakiziepuka nyufa za barafu ziwezazo kummeza mtu. Kila siku walipanda juu zaidi, hata wakafika karibu futi 9,000. Usiku baridi ilishuka kupita nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena walishikwa na kiu katikati ya maji, kwani yote yalikuwa yameganda. Kila mtu alitia theluji katika chupa ya bati, akaiweka kifuani ndani ya nguo, ili iyeyuke kwa joto la mwili. Upepo ulipovuma kutoka nyuma waliziunganisha sleji, wakatweka tanga, wakaenda mbio kama jahazi juu ya bahari nyeupe.

Mwisho wa Septemba waliiona bahari ya magharibi. Lakini mji wa Godthaab, uitwao leo Nuuk, ulikuwa mbali, nao mashua zao walikuwa wameziacha mashariki. Wakakata vijiti vya miti midogo, wakafunga umbo la mashua, wakalivika turubai la hema. Nansen na Otto Sverdrup wakaingia humo, wakivuta makasia na kukumba maji yaliyovuja. Tarehe 3 Oktoba wakafika mjini, na wenzao wanne wakaenda kuchukuliwa. Hakupotea hata mmoja.

Marikebu ya mwisho ya mwaka ule walikuwa wameikosa. Basi Nansen alikaa na Wainuiti wakati wote wa baridi, akawa mwanafunzi wao. Walimfundisha kuwinda na kuendesha kayaki, mtumbwi mwembamba wa ngozi ya sili, wenye tundu moja la kuketi, ambao humpindua upesi mtu asiyeuzoea. Mwezi wa Mei 1889 akarudi kwao.

Elimu ile haikupotea. Mwaka 1896, katika safari nyingine, Nansen na Hjalmar Johansen walisafiri kwa kayaki baharini. Siku moja kayaki zao, zenye chakula na bunduki, zilikatika kamba zikachukuliwa na maji. Nansen akajitupa katika maji ya barafu, akaogelea hata akazishika, naye alikuwa karibu kufa. Baada ya siku chache walikutana na Mwingereza Frederick Jackson, wakaokoka.

Ushujaa peke yake haukutosha kuwavusha watu hawa. Nansen alikuwa mtu wa vitabu, lakini hakuona haya kufundishwa na wawindaji. Wahenga walisema: Kuuliza si ujinga.

Maswali
1. Kwa nini Nansen alitaka kuanza safari mashariki?
2. Wasafiri walipataje maji ya kunywa?
3. Eleza jinsi mashua ya turubai ilivyoundwa.
4. Nansen alijifunza nini kwa Wainuiti, na kilimfaaje baadaye?