Namba Isomekayo Usiku: Herufi za Kuakisi Mwanga kwenye Boti za Mpira



Nchi nne zinagawana Ziwa Tanganyika: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mpaka wa majini hauna nguzo wala uzio, na katika usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndagala zinapowaka, ni vigumu kutofautisha chombo kimoja na kingine. Hapo namba ya ubavuni ndiyo shahidi wa mwenye chombo, iwe anatafutwa ili aokolewe, iwe boti yake imeibwa au imesukumwa na upepo hadi ng'ambo.

Tuliwahi kukuta boti ya mpira iliyoandikwa namba kwa rangi ya nyumba. Rangi ilikuwa imebanduka, na 8 ikasomeka kama 3. Tukamwita mtu asiyehusika, naye akapoteza siku mbili za kazi kabla ukweli haujajulikana. Tulimwomba radhi. Somo hili limetokana na kosa lile.

Kwa nini rangi haidumu

Boti ya mpira haitulii kama ubao. Jua likiwa kali hewa iliyomo hupanuka, usiku husinyaa. Boti hukunjwa, hukanyagwa na kuburutwa mchangani. Rangi ngumu haiwezi kufuata mwendo huo, basi hupasuka. Stika nazo hazisalimiki: kitambaa cha PVC kina vilainishi ambavyo hutoka polepole na kuilegeza gundi yake.

Jinsi mwanga unavyorudi

Utepe wa kuakisi una vishanga vidogo mno vya kioo, au vipembe vidogo, vinavyourudisha mwanga kule ulikotoka. Kwa hiyo anayetafuta aishike tochi karibu na jicho lake. Akiishika kiunoni, sehemu kubwa ya mwanga itarudi kiunoni. Chagueni utepe wa vyombo vya majini, ambao uso wake umefunikwa. Ule wenye vishanga vilivyo wazi hufifia ukilowa.

Hatua za kazi

1. Tambueni kitambaa. Boti nyingi ni za PVC au za Hypalon. Mahali pasipoonekana, sugueni kidogo kwa kitambaa chenye asetoni: PVC hulainika na kunata. Kila aina ina gundi yake, na gundi ya moja haishiki vema kwenye nyingine.

2. Tayarisheni kiraka. Tafuteni kitambaa cha aina ileile ya boti, chenye rangi ya giza, na kukiviringa pembe zake, kwani pembe kali huanza kubanduka mapema. Kateni herufi zilizonyooka, zisizo na mapambo, mkazishone juu ya kiraka kwa utepe wa kushonwa. Kiraka kishonwe kabla ya kubandikwa; sindano isiguse kamwe bomba la hewa.

3. Pimeni boti ikiwa imejaa upepo. Namba ikae sehemu ya mbele, pande zote mbili, juu ya usawa wa maji, mbali na kamba. Choreni mipaka yake kwa kalamu.

4. Bandikeni. Toeni upepo, tandazeni bomba juu ya ubao, lisafisheni na kulikausha. Hypalon isuguliwe kidogo kwa msasa. Pakeni gundi nyembamba pande zote mbili, mara mbili, na kila mara mngoje ikauke kiasi cha kunata tu. Kisha gandamizeni kwa rola kutoka katikati kuelekea kingoni. Fanyeni kazi kivulini, siku kavu, mahali penye hewa, mbali na moto, kwa maana mvuke wa gundi hudhuru na huwaka. Subirini siku nzima au zaidi, kama mkebe wa gundi unavyoagiza, ndipo mjaze upepo.

Asiyepata gundi inayofaa aandike namba kwenye kibao na kukifunga imara. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inakiruhusu kibao pale namba inaposhindwa kushika kwenye boti ya kujazwa upepo, na inataka herufi zisizopungua inchi 3, karibu sentimita 7.6. Ziwa letu ni pana. Mwenye nafasi aandike kubwa zaidi.

Utunzaji na mipaka yake

Osheni herufi kwa maji na sabuni laini. Msizipake vanishi, wala msizisugue kwa petroli. Kila mwezi zitazameni usiku kwa tochi kutoka ufukweni. Herufi isiyong'aa ishonwe upya kwenye kiraka kipya kabla ya kubandikwa.

Herufi hizi si taa. Hazionekani hadi zimulikwe, kwa hiyo msafiri wa usiku abebe taa yake. Tena, msiandike neno POLISI kwenye chombo cha binafsi, wala msichore msalaba mwekundu, alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Alama ya uongo humfanya mwokoaji wa kweli ashukiwe.

Nasi tumejiwekea wajibu: kabla ya kumwita mtu kwa sababu ya namba, askari wawili waisome, kila mmoja peke yake.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika mwalo wenu, ni boti ngapi ambazo namba zake zinasomeka usiku?
2. Ni nani mwenye cherehani na ujuzi wa kushona viraka kwa niaba ya wote?
3. Boti ngeni ikielea hadi kwenu, mtaisomaje namba yake, na mtamwarifu nani ng'ambo ya pili?