MAFUNZO YA WAFANYAKAZI: MANENO YA KAZI ZA UWANJANI



Katika kila kiwanda na kila shamba kubwa hapa Uganda wako wenzetu wanaotunza uwanja: bustani ya ofisi, nyasi za mbele ya zahanati, mitaro ya barabara za ndani, miti ya kivuli kambini. Wengi wao huitwa kwa jina moja tu, "shambaboi", na kazi yao yote huandikwa katika kitabu cha nyapara kwa maneno mawili: "kusafisha kompaundi". Somo la leo lahusu maneno hayo. Kazi isiyotajwa kwa jina lake ni vigumu kuipima, kuilipia na kuilinda.

1. Jina la mfanyakazi

"Boi" ni neno tuliloachiwa na wakoloni, na maana yake ni mtoto wa kiume. Mzee mwenye wajukuu si mtoto, na mama anayeshika jembe neno hilo halimhusu kabisa. Jina linalofaa ni mtunza bustani. Tena jambo hili si la heshima peke yake. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na jina la kazi ni mojawapo ya maelezo hayo. Wenzetu wa Kenya wanayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, nayo yataka kazi ya mtu ielezwe katika maandishi. Aliyeandikwa "mtunza bustani" anayo hoja siku atakapoamriwa kupanda juu ya paa au kubeba magunia ghalani. Aliyeandikwa "kibarua wa kompaundi" atajibiwa kwamba kila kitu ni kompaundi.

2. Majina ya mahali

Uwanja ni eneo lote la wazi. Bustani ni sehemu iliyopandwa maua, mboga au miti na kutunzwa. Kitalu ni mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuipandikiza. Tuta ni udongo uliokusanywa na kuinuliwa ili upandwe, na mtaro ni njia iliyochimbwa ya kupitisha maji. Neno "ua" lahitaji uangalifu. Ua la kunusa, wingi wake ni maua. Ua wa kuzunguka nyumba, wingi wake ni nyua. Nyapara akisema "kata ua", muulize ni lipi: kuchuma maua na kupunguza ua wa miti ya miiba ni kazi mbili, na ya pili yataka glavu na mkasi mkubwa.

3. Majina ya vitendo

Hapa ndipo jasho lilipo. Kufyeka ni kukata majani kwa slasha au panga juu ya udongo, mizizi ikibaki. Kupalilia ni kung'oa magugu kwa jembe pamoja na mizizi yake. Kung'oa visiki ni kazi ya shoka na sululu. Kupogoa ni kukata matawi yasiyotakiwa ili mti uote vizuri. Kuzibua mtaro ni kuondoa tope na takataka kwa beleshi, mara nyingi mtu akisimama ndani ya maji machafu, kwa hiyo kwataka buti za mpira.

Sasa fikirini: mtu mmoja amefyeka nyasi laini, mwingine amepalilia udongo mkavu, wa tatu amezibua mtaro. Kitabuni wote watatu wameandikwa "kusafisha", na wote wamewekewa kipimo sawa. Wawili wa mwisho wamepunjwa, na hawana maneno ya kulalamikia.

4. Majina ya vipimo

Wengi wetu tumefundishwa kuwa ekari ni "sabini kwa sabini". Sabini za nini? Hilo ndilo swali la kuuliza. Yadi moja ni karibu hatua moja ndefu ya mtu mzima. Yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari ya kweli ni 4,840. Tofauti ni ndogo. Lakini nyapara akishika utepe wa mita, mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, na ekari ya kweli ni mita za mraba 4,047 tu. Zimezidi 853, yaani zaidi ya moja ya tano. Mtu akifyeka "ekari" tano za namna hiyo, amefyeka zaidi ya ekari sita za kweli, naye amelipwa tano. Kwa mita, ekari ya mraba ina upande wa karibu mita 63 na nusu. Namba hii ishikeni.

5. Neno "dawa"

Lugha yetu huita dawa kile kinachoponya, na pia kile kinachonyunyizwa kuua majani. Neno hili limewafanya wengi wazoee hatari. Dawa ya majani ni sumu. Parakwati, kwa mfano, haina cha kuizimua mtu akiimeza. Tazameni utepe wa rangi kwenye kibandiko: nyekundu ni sumu kali kabisa, manjano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Hata ya kijani isichezewe. Msiihamishie katika chupa ya soda, na nguo za kunyunyizia msizifue pamoja na za watoto. Glavu, buti na kinga ya uso si za kukatwa mshahara: Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika kazi yenu, ni vitendo vingapi vimefichwa ndani ya neno "kusafisha"? Vitajeni kimoja kimoja.
2. Kipimo chenu cha siku hupimwa kwa hatua, kwa yadi au kwa mita? Nani hushika utepe, na ni nani hushuhudia?
3. Bomba la kunyunyizia likivuja mgongoni mwa mwenzenu, mtafanya nini kwanza?

Majibu yaandikeni. Orodha ya vitendo mpeni mwakilishi wenu, ili mazungumzo ya mkataba yatakapofika kila kitendo kiwe na jina lake, kipimo chake na malipo yake. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Umoja ni nguvu.