Kabla mbwa hajaingia parselini

Bujumbura wengi hutafuta mbwa kwa ajili ya ulinzi. Mtu kaibiwa nguo kambani, jirani ana mbwa aliyezaa, na kesho yake mtoto wa mbwa keshafungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeuliza kama nyumba ile inaweza kumlea.

Ukubwa wa nyumba si jambo la kwanza. Jumba la Kiriri lenye bustani na geti lisilofungika halimfai mbwa kama unavyomfaa ua mdogo wa Ngagara wenye ukuta mzima. Mbwa anayetoka apendavyo hugongwa na magari, hurudi na mimba, na huko nje ndiko anakoumwa na mbwa mwenye kichaa. Kagua pia chini ya geti: panapopita paka, mtoto wa mbwa naye hupita. Walio karibu na ziwa, kama Kibenga, wana sababu zaidi ya kufunga, kwani viboko hutoka majini usiku kula majani. Na kwa kuwa Tanganyika imefurika mara kadhaa miaka ya karibuni, banda la huko liinuliwe juu ya matofali.

Buyenzi na Bwiza ni habari nyingine. Parseli moja ina kaya kadhaa, ua ni wa wote na watoto wanacheza humo kutwa. Hapo mbwa atakuwa wa wote, hata kama umemnunua wewe, kwa hiyo zungumza na majirani kabla hujamleta. Wengi Buyenzi ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda mifugo na mashamba ameruhusiwa, lakini jirani ana haki ya kukuta ndoo yake ya maji ya udhu haijaguswa. Mbwa apewe bakuli lake na kona yake, mbali na maji, jiko na kamba ya nguo. Msipokubaliana, acha. Ugomvi wa uani humalizikia kwa mbwa kutiliwa sumu, nami sioni sababu ya kumleta mnyama afe hivyo.

Joto letu nalo lisipuuzwe. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, ulimi nje, maana jasho lake ni dogo mno. Weka kiganja juu ya bati la banda saa nane mchana. Ukikiondoa upesi, mbwa hawezi kulala humo. Kivuli cha mwembe na maji safi vinamfaa kuliko banda la fahari.

Mnyororo wa kutwa nzima haumfanyi mlinzi bora. Humfanya mkali kwa kila mtu, hata kwa mtoto anayempelekea chakula. Mfunge mgeni anapoingia, kisha mfungue.

Ugali na ndagala anakula vizuri. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika ikamchoma tumboni, wala vitunguu, ambavyo kwake ni sumu. Tenga pesa za dawa ya minyoo na kupe, na za chanjo ya kichaa cha mbwa: ya kwanza akiwa na miezi 3, kisha irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa kinachowapata watu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana ni nadra sana mtu kupona. Mbwa akimuuma mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Mwisho, mtaje kwa jina atakayemlisha mbwa familia ikienda Gitega au Ngozi kwa sikukuu. Jibu likiwa ni zamu, kumbuka zamu husahaulika, na mbwa huishi miaka 10 na zaidi. Awepo mmoja wa nyumba hiyo aliyekubali kazi hiyo mwenyewe. Kama hayupo, mwambie jirani mwenye watoto wa mbwa ampe mtu mwingine.