Alifika au Alikufa? Somo la Fonetiki kutoka Kilimani, Kabambare

Mwaka niliomaliza shule ya msingi, ukoo wetu ulikaa matanga siku mbili kwa ajili ya mtu aliye hai. Shangazi alikuwa amepelekwa hospitali Kasongo kwa pikipiki, hali yake mbaya. Kijijini kwetu, katika teritware ya Kabambare, hakukuwa na rezo. Habari zilitoka Kasongo kwa foni hadi mjini Kabambare, na kutoka hapo kwa motorola hadi juu ya kilima chetu, ambako kijana mmoja alipanda kila jioni kuzipokea. Jioni ile alishuka mbio, akasema: "Alikufa." Kumbe iliyotumwa ni: "Alifika."

Siku ya tatu pikipiki ilirudi na barua yenye mwandiko wa shangazi mwenyewe. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa, na bibi alikuwa amekwisha kunyoa nywele. Tangu hapo kijana yule aliitwa kiziwi. Makala hii ni ya kumtetea.

1. Kwa nini alipanda

Foni hutumia mawimbi ya HF, ambayo hupanda na kurudishwa chini na tabaka la juu la anga; ndiyo maana hufika mbali hata ikiwa bondeni. Motorola hutumia VHF, ambayo husafiri karibu kama mwanga: mlima ukisimama katikati, habari haipiti. Kuna hesabu rahisi. Chukua kimo cha mahali ulipo juu ya nchi inayokuzunguka, kwa mita. Tafuta kipeuo chake cha pili. Zidisha kwa 4.12. Jibu ni umbali wa upeo wa redio kwa kilomita. Aliyeshika motorola usawa wa kifua, mita 1.5, ana kilomita 5 hivi. Akipanda kilima cha mita 100, anapata kama 41. Basi kijana hakupanda kwa kupenda upepo.

Wapo wanaopanda kwa kupenda. Mwaka 2002 huko Uingereza ulianzishwa mpango uitwao Summits on the Air, na sasa unafuatwa katika nchi nyingi: mtu mwenye leseni ya redio hubeba mitambo yake hadi kileleni, huongea na wenzake wasiopungua wanne, kisha huhesabiwa pointi. Nitawarudia, maana wana desturi moja ambayo ingetuokoa.

2. Sikio lilidanganywa na nini

Linganisha: a-li-fi-ka, a-li-ku-fa. Silabi nne na nne. Mbili za mwanzo ni zile zile, na irabu ya mwisho ni ile ile. Tofauti yote imo katikati: konsonanti f na k zimebadilishana nafasi, na irabu i imekuwa u.

Redio za namna hii hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,000 hivi, basi. Sauti ya f ni pumzi hafifu, na sehemu kubwa ya pumzi hiyo iko juu ya mpaka huo. Kwa hiyo hukatwa. Irabu nazo hutambulikana kwa vilele vya nguvu viitwavyo formanti. Formanti ya kwanza ya i na ya u zinakaribiana, zote ziko chini, karibu na hezi 300. Zinazotofautiana ni za pili: ya i hupita 2,000, ya u kwa kawaida haifiki 1,000. Mvumo wa redio ukifunika sehemu ya juu, i hubaki na kilele cha chini peke yake, na sikio huipokea kama u. Kijana alipokea a-li, kelele, kisha a. Nafasi iliyobaki aliijaza kwa hofu, kwani sote tulijua mgonjwa alikuwa mahututi.

3. Kosa la neno "nakusikia"

Nilimuuliza baadaye walivyomaliza maongezi. Alisema: "Aliniuliza, unanisikia? Nikamwambia, nakusikia." Hapa ndipo lugha yetu ilipotutega. Kusikia kwa Kiswahili ni kupata sauti, na pia ni kuelewa, na hata kutii. Mmoja aliulizia maana, mwingine akajibu kuhusu sauti.

Wale wa vileleni hawachanganyi mambo haya. Hupeana tarakimu mbili: ya kwanza, 1 hadi 5, ni jinsi maneno yanavyoeleweka, ya pili, 1 hadi 9, ni nguvu ya mawimbi. Mtu anaweza kupewa tatu-tisa: unavuma sana, lakini sikuelewi vizuri. Jioni ile jibu la haki lingekuwa hilo.

4. Urefu si uchafu

Darasani tunafundishwa kukata maneno ya ziada. Redioni ziada ni uzima. Alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie, iliyokubaliwa na usafiri wa anga mwaka 1956, imejengwa juu ya wazo hilo: herufi moja hupewa neno zima, ili kipande kikipotea kingine kibaki. Hata Juliett imeandikwa kwa t mbili ili msemaji wa Kifaransa asiimeze t ya mwisho.

Alfabeti hiyo inalinda herufi, hailindi vitenzi vyetu. Hiyo ni kazi yetu. Baada ya matanga yale, wazee waliweka sheria: habari ya mtu isisemwe kwa neno moja. Aliyefika, "alifika salama, anakula, anawasalimia." Aliyefariki, "ametutoka, Mungu amemchukua." Na mpokeaji arudie yote kabla ya kushuka kilimani. Wazee hao hawakusoma fonetiki, lakini walitenganisha jozi ile kwa urefu, kwa mdundo na kwa marudio.

Zoezi

Simameni wawili, kila mmoja upande wake wa mto au barabara yenye kelele. Mmoja aseme mara kumi, bila mpangilio, alifika au alikufa, mwingine aandike. Hesabuni makosa. Kisha rudieni kwa maneno ya wazee wetu. Mkimaliza, tafuteni katika lugha zenu, Kibangubangu, Kizimba au Kikusu, jozi nyingine ambayo ingeweza kumliza mtu bure.