Kipepeo Anayevaa Vazi la Mwenye Sumu

Katika misitu ya asili ya nyanda za juu, ikiwemo ya Mlima Kenya, yupo kipepeo mkubwa wa manjano hafifu na nyeusi, mwenye mkia kwenye kila bawa la nyuma. Huyo ni dume la Papilio dardanus. Jike si rahisi kumtambua. Wengi wao hawana mikia, na hata wenyewe hawafanani: wengine ni weusi wenye madoa meupe, wengine wana rangi ya chungwa. Wataalamu waliwahesabu kuwa spishi mbalimbali hadi mwaka 1869, Roland Trimen wa Cape Town alipoonyesha kuwa ni spishi moja.

Kwa nini jike ajibadilishe hivyo? Hana sumu, na ndege humla. Lakini wapo vipepeo wengine wenye sumu. Mmoja wao, Danaus chrysippus, huipata akiwa kiwavi kwa kula mimea yenye utomvu mweupe. Ndege akimwonja, hutapika na hakumbuki kingine ila rangi ile. Jike wa dardanus huvaa rangi hiyohiyo, akaachwa apite.

Hila hii ina sharti moja: wenye sumu wawe wengi. Wakipungua, ndege huonja waigaji mara nyingi na kugundua kuwa ni watamu. Mtaalamu wa Uingereza, E. B. Ford, alilinganisha sehemu mbili. Karibu na Entebbe, Uganda, ambako wenye sumu walikuwa wengi, takriban majike 4 tu kati ya 100 walikuwa na mwigo wenye kasoro. Karibu na Nairobi, ambako wenye sumu walikuwa wachache kuliko waigaji, walifika 32. Vazi lisilomtisha ndege halina faida, hivyo hata lenye kasoro hubaki.

Hapa ndipo somo linapotuhusu wakazi wa Nyeri. Kiwavi wa dardanus hula mimea ya jamii ya mchungwa, kama munderendu wa msituni. Kiwavi wa Danaus hula magugu ya kando ya njia na mashamba. Tukikata munderendu, tunamnyima mwigaji chakula. Tukifyeka kila gugu, tunamwondolea ngao.

Unapolima au kusafisha ua, acha sehemu ndogo ya mimea ya asili, hasa mpakani mwa shamba na kando ya mto. Walimu nao wanaweza kuwapeleka wanafunzi huko wakahesabu vipepeo kwa rangi, bila kuwakamata.